Vifaru Visivyo na Sura

Nilifungua boksi kwa kisu cha jikoni, na harufu ikanifikia kabla sijaona kilichomo. Harufu ya plastiki mpya, ya waya ambazo hazijawahi kupata joto, na ya ile sponji nyeupe ngumu inayokatikakatika na kung'ang'ania nguo. Binti yangu Kabula alikuwa anarukaruka pembeni akinihimiza. Mimi nilibaki nimeliinamia boksi kama mtu anayenusa sufuria ya mboga, maana harufu hiyo niliwahi kuinusa utotoni, katika nyumba ya watu wengine, na siku ile roho iliniuma mpaka nikarudi nyumbani nikashindwa kula.

Niseme mapema kwamba mashine hiyo ya gemu nimeinunua mwenyewe. TV iliyotundikwa ukutani, ambayo urefu wake unakaribia kitanda, nimeinunua mwenyewe, na ukuta unaoibeba nimeujenga mwenyewe. Nina stashahada ya ufundi wa majokofu na viyoyozi. Niliibeba stashahada hiyo mpaka Doha, nikafunga vyumba vya baridi katika hoteli ambazo wenzangu wengi wa darasani wameziona kwenye kalenda tu, kisha nikarudi Mwanza na kufungua kampuni yangu. Leo sangara wengi wanaopakuliwa upande huu wa ziwa wanalala katika baridi niliyoifunga kwa mikono hii. Sisemi haya ili nisifiwe. Nayasema kwa sababu ninayotaka kuyasimulia hayanisifu hata kidogo, na ningependa msomaji ajue tangu mwanzo kwamba baadaye nilifika mahali.

Kabula alikaa kwenye zulia, akashika pedi ya kuchezea. Ukutani akatokea mwanamume juu ya farasi, kwenye mvua. Manyoya ya farasi ungeweza kuyahesabu. Mwanamume akashuka, akapiga magoti penye kaburi, akaanza kulia, na machozi yakawa yanachanganyika na mvua kwa namna ambayo hata mimi, mtu wa mitambo, nilisimama nikatazama. Nilienda jikoni, nikachemsha chai, nikarudi. Bado analia. Pedi ilikuwa imelala mapajani mwa Kabula, vidole vyake viko kwenye sahani ya karanga.

"Mbona huchezi?" nikamwuliza.

"Subiri, mama. Bado wanaongea."

Nikakaa chini. Kuna kitu cha zamani kilinirudia, na nilikijua kwa jina. Ni wivu. Niliutambua kama unavyomtambua jirani kwa kikohozi chake.

Nilipokuwa mtoto tulikaa Ilemela, kwenye mlima wa mawe. Aliyekulia kule haoni ajabu nyumba kuegemea jabali kubwa kuliko yenyewe, wala kuanika nguo juu ya jiwe lililopanda ghorofa mbili. Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na jabali lenye ufa mrefu, mwembamba kama mdomo wa mtu aliyekasirika. Humo mimi na rafiki yangu Nyamizi tulificha vitu vyetu: gololi, kitana, barua tulizoandikiana ingawa tuliishi hatua arobaini tu kutoka mlango hadi mlango. Mkono uliingia mpaka kwenye kiwiko. Baada ya hapo ufa ulishuka chini, gizani, na hakuna aliyejua unaishia wapi.

Baba yangu alikuwa fundi wa redio na televisheni. Mashine yetu ya gemu ililetwa na mteja aliyehama bila kuifuata. Baba aliitunza kabatini mpaka akachoka kuitunza, kisha akaitengeneza na kuniwekea sebuleni. TV yetu ilikuwa ya chogo, zile za zamani zenye mgongo mnene. Picha ilipoanza kupanda juu yenyewe, ilibidi uipige kofi ubavuni, upande wa kushoto, si kwa nguvu sana. Kaseti ilikuwa moja. Ikigoma, unaichomoa, unaipuliza, unairudisha. Ni mimi niliyegundua kwamba ukiipuliza kwa pua inakubali upesi zaidi kuliko kwa mdomo, na watoto wa mlima wote wakanifuata. Ukweli ni kwamba tangu utoto nilikuwa na akili ya ufundi.

Gemu lenyewe lilikuwa la vifaru vya vita. Kifaru kilikuwa kipande cha mraba chenye mdomo wa bunduki, basi. Hakikuwa na dereva, hakikuwa na jina, hakikuwa na mama. Chini kabisa, katikati ya kioo, palikuwa na bendera yetu iliyozungushiwa matofali, na vifaru vya adui vilishuka kutoka juu. Risasi moja ikiigusa bendera, yamekwisha, hata kama wewe mwenyewe bado mzima. Tofali lilivunjika, chuma hakikuvunjika, maji hayakuvukika, majani yalikuficha. Ni hayo tu. Lakini katika hayo machache sikuwahi kufika mwisho wa kufikiri. Ungeweza kutoboa ukuta wako mwenyewe ili upate njia ya mkato, na dakika mbili baadaye adui akaingilia tundu hilo hilo ulilolitoboa. Ungeweza kumwacha adui mmoja hai makusudi, akawa anazunguka kule juu kama mbuzi aliyekata kamba, huku wewe unajipanga. Usiku nililala nikifikiria matofali.

Vifaru vilitaka watu wawili. Wa pili wangu alikuwa Nyamizi. Tulisoma darasa moja, yeye mpole, mwenye kucheka kwa kufumba mdomo kwa sababu ya pengo. Mimi nilikwenda mbele kushambulia, yeye alibaki na bendera. Hatukupangiana kazi. Ilitokea hivyo kwa tabia zetu. Nilipokuwa naondoka kwenda juu aliniambia maneno mawili tu: "Nenda. Niko." Nami nilikwenda bila kugeuka nyuma. Nimefanya kazi na mafundi wa mataifa mengi, na sijapata tena mtu wa kunifanya niende mbele bila kugeuka nyuma.

Kisha mjomba wa mvulana mmoja wa jirani, Rwegasira, akaleta mashine mpya.

Kina Rwegasira walitoka upande wa Bukoba. Nyumba yao ilikuwa chini kidogo, penye tambarare, na ilikuwa na geti. Baba yake alifanya kazi uwanja wa ndege, na mama yake alikuwa mwanamke nadhifu mno. Mlangoni aliweka beseni la maji na kipande cha sponji, na hakuna mtoto aliyeingia sebuleni kwake kabla hajanawa miguu na kuonyesha nyayo. Ukiingia, unakaa kwenye mkeka, na kama ni msimu wake, linapitishwa bakuli la senene, wale panzi wa kuliwa, waliokaangwa. Watoto wa mlima walianza kushuka kule mmoja mmoja, halafu kwa makundi. Mwisho akashuka na Nyamizi.

Alikuja kwangu jioni moja, amechelewa, na nilipomsogelea kumpa pedi nikasikia kwake harufu ya senene. Nilimwuliza kuna nini huko. Akasema kuna askari anarudi nyumbani kutoka vitani na hajui kama mama yake yu hai. Nikamwambia hilo si gemu, hizo ni habari. Akacheka kwa kufumba mdomo, akasema nitaona mwenyewe.

Nilikaza siku kadhaa, kisha nikashuka. Nilinawa miguu, nikamwamkia mama Rwegasira, nikaonyesha nyayo zangu, nikakaa nyuma kabisa ili ionekane sikuja kwa hamu. Chumba kilinuka hiyo hiyo plastiki mpya. Rwegasira alikuwa amekaa kwenye kigoda, mvulana mwembamba mwenye masikio makubwa, ameshika pedi. Na kwenye kioo niliona uso wa mtu. Uso mzima, wenye mikunjo. Askari alitembea kwenye vumbi la kijiji, akasimama mlangoni, akasita. Mdomo ulimtetemeka. Akainua mkono kugonga, akaushusha.

Nilimtazama Rwegasira vidole. Vilikuwa vinasogea kidogo, kama mtu anayejikuna bila kuwashwa. Na mimi, bingwa wa vifaru, mtu niliyejua kupuliza kaseti kwa pua, nikaamini kwamba yeye ndiye anayeyafanya yale yote. Kwamba kuna kitufe cha kusita na kitufe cha kutetemesha mdomo, na kwamba huyu mtoto mwenye masikio makubwa amejifunza vyote katika wiki tatu. Mwenye pedi ndiye mwendeshaji. Kwetu ilikuwa hivyo. Usipobonyeza, kifaru hakisogei hata kidogo. Sikuwa na sababu ya kudhani kwamba kuna gemu duniani linalokwenda lenyewe wakati mchezaji anakula senene.

Ndiyo maana sikuweza kula siku ile. Nilirudi nyumbani, nikawasha mashine yetu, nikajaribu kukifanya kifaru changu kisite. Nilibonyeza vitufe vyote kwa pamoja, viwili viwili, vitatu vitatu. Nilijaribu kukigeuza kinitazame ili nione kama kwa mbele kina kitu chochote kinachofanana na uso. Kiligeuka juu, chini, kulia, kushoto. Baba alipita akauliza natafuta nini. Nikamwambia nafanya mazoezi.

Siku zilizofuata nilishuka kila alasiri, na kila alasiri niliumia upya. Wala si Rwegasira peke yake aliyeniumiza. Ni Nyamizi, alivyokaa mbele kabisa, karibu na mashine, magoti yake yakigusa kimeza, alivyokuwa akishika mdomo askari alipopata shida. Kwangu hakuwahi kushika mdomo. Nilimkamata njiani nikamwuliza kwa nini siku hizi haji.

"Kwako nacheza," akasema. "Huku naona."

"Kwani kuona ndiyo kucheza?"

"Si kucheza. Lakini vifaru vyako havina sura. Sijui hata tunamlinda nani."

Neno hilo lilinikaa. Nilikuwa nimeilinda bendera ile miezi mingi na sijawahi kujiuliza ni ya nani.

Zamu yangu ya pedi ilifika siku ya Jumamosi. Kwa kina Rwegasira pedi haikugombaniwa kama kwangu, kwa sababu wengi walikuja kutazama, na aliyeshika pedi alikuwa kama anayeshika kurunzi ili wengine waone njia. Rwegasira alinipa mwenyewe, kwa heshima, akisema huyu ndiye mtaalamu wa vifaru. Nikakaa kwenye kigoda. Askari alikuwa kwenye daraja, mto unafurika, na ng'ambo kuna mtu anaita. Nikaanza kubonyeza. Askari akakimbia, na mimi nikabonyeza. Daraja likakatika nyuma yake, na mimi ndiye niliyelikata. Akaruka, akaning'inia, akavutwa na mtu mwenye kofia, wakakumbatiana, na watoto wakapiga makofi. Jasho lilinitoka. Nikageuka kumtafuta Nyamizi, aone kwamba jambo lililomchukua Rwegasira wiki tatu mimi nimelimaliza kwa mara ya kwanza.

Rwegasira aliinama sikioni kwangu. Nadhani alitaka kunisitiri, lakini chumba kilikuwa kimya na kila mtu alisikia.

"Hujaanza bado," akasema. "Hiyo ni picha. Ikifika zamu yako atasimama."

Na kweli, askari akasimama. Watoto walicheka mpaka mama Rwegasira akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Nikaacha kubonyeza, nikamtazama yule askari amesimama pale na uso wake mzuri, ananingoja.

Nikamchukua kumpeleka mbele. Nilimwendesha kwa namna niliyoijua. Nilifika ukutani, nikaujaribu kama unavunjika. Haukuvunjika. Nikajaribu mwingine. Nikarudi nyuma kutafuta kama kuna njia ya pembeni, nikaingia kwenye majani kuona kama yananificha. Nyuma yangu wakaanza kulalamika. Mmoja akasema huyu anatafuta ng'ombe waliopotea. Mwingine akasema mpe Rwegasira, tunataka kujua kama mama wa askari amekufa. Niliendelea kujaribu kuta. Ndipo Nyamizi, aliyekuwa karibu na goti langu, akasema kwa sauti ndogo, bila ubaya wowote, "Mpe tu."

Nikampa.

Dakika chache baadaye umeme ukakatika. Chumba kizima kikaguna, watoto wakainuka, wakatoka nje kutazama kama ni mlima wote au ni nyumba ile tu. Rwegasira alitoka mbio kwenda kumwuliza jirani. Tulibaki wawili, mimi na Nyamizi aliyekuwa akitafuta kitana chake kwenye mkeka. Alikipata, akatoka. Kwenye uso wa mashine kulikuwa na kadi ndogo ya kijivu, pana kama biskuti, imechomekwa. Nilikuwa nimemsikia Rwegasira akiwakataza watoto kuigusa, akisema bila hiyo kadi hakuna askari. Mimi nilielewa kwamba picha zote zinakaa humo, uso, daraja na mto. Nikaichomoa. Nikaitia kwenye kiuno cha sketi, nikapita mlangoni kwa mama Rwegasira, nikamwambia asante mama, akasema karibu tena mwanangu.

Nilikwenda moja kwa moja kwenye jabali letu. Nia yangu, na naapa nilikuwa nayo, ilikuwa kuificha wiki moja tu, mpaka Nyamizi arudi na kuzoea tena. Nikaingiza mkono kwenye ufa mpaka kiwiko, nikatafuta kijukwaa tulipokuwa tukiweka gololi, nikailaza. Ikateleza. Nikaisikia ikigonga jiwe, ikagonga tena chini zaidi, halafu sikuisikia tena.

Kesho yake mama Rwegasira alituweka mstari mbele ya beseni. Hakupiga kelele. Alituuliza mmoja mmoja, jina na swali, na kila mmoja akasema hapana. Zamu yangu nilisema hapana nikiwa na miguu safi. Kisha mtoto mmoja akasema aliyekuwa anakaa karibu na mashine siku zote ni Nyamizi. Mwingine akasema na ndiye aliyebaki nyuma kutafuta kitana. Nyamizi akasema hakuchukua. Akanitazama, kwa sababu nilikuwepo, na ningeweza kusema nilimwona akitoka mikono mitupu. Nilikuwa natazama sponji ya kusugulia miguu. Ilikuwa ya kijani, imeliwa pembe moja.

Mama Rwegasira akamwambia kwa upole kwamba itakuwa vizuri akipumzika nyumbani kwao kidogo.

Basi nikampata. Alirudi kwangu siku ya tatu, akakaa mahali pake, akachukua pedi ya pili. Nilifurahi kuliko nilivyopaswa. Nilimpulizia kaseti, nikampa upande wa kivuli, nikamwachia karanga zote. Tukaanza. Nikaanza kupanda juu kama kawaida, na nikagundua kwamba hajasema maneno yake. Nikamwuliza kama yupo. Akasema endelea.

Tulivuka raundi nyingi kuliko siku yoyote. Kisha, tukiwa kwenye raundi ambayo hatujawahi kuifikia, akazungumza bila kuondoa macho kwenye kioo.

"Mle ndani tulibaki wawili."

Nikasema, "Linda kushoto, anashuka."

"Mimi nilitoka wa kwanza."

Nikasema tena, "Kushoto, Nyamizi."

Kifaru cha adui kilikuwa kinashuka polepole kushoto, kwenye tundu nililolitoboa mimi mwenyewe. Nyamizi alikiona. Kifaru chake kilikuwa mbele ya bendera, mahali kilipokaa siku zote. Akakigeuza. Kikasimama kidogo, kikasogea pembeni, hatua moja, mbili, tatu, mpaka ukutani, kikasimama kikitazama ukuta. Njia ikawa wazi. Adui akapiga risasi moja.

Nimeona picha nyingi tangu siku hiyo. Nimekaa kwenye kumbi za sinema ambazo viti vyake vinatikisika. Nimemwona yule askari, baadaye sana, kwenye mashine ya rafiki kule Doha, mpaka alipompata mama yake, nikapangusa macho kama wengine. Lakini hakuna uso uliowahi kuniambia jambo waziwazi kama kile kipande cha mraba kilichogeuka kikatazama ukuta. Kule kusita nilikokuwa nakutafuta kwenye vitufe, nilikuona pale. Hakukutoka kwenye mashine.

Nyamizi aliweka pedi chini, akavaa ndala. Mlangoni akasema, "Bendera ni yako. Kaa nayo." Hakurudi.

Na adhabu yangu haikuishia hapo, kwani wivu una roho mbaya. Picha hazikupotea. Kadi ile ilihifadhi tu mahali walipofikia. Bila hiyo, gemu la kina Rwegasira lilianza mwanzo kila siku: vumbi lile lile, mlango ule ule, mdomo ule ule unatetemeka. Watoto walitazama mara tatu, mara nne, wakachoka, wakarudi kwenye gololi na kuogelea. Rwegasira akabaki peke yake. Na kwa kuwa picha alishazikariri, alianza kuzikimbiza na kutafuta kilichopo katikati yake. Aligundua kwamba mlinzi wa daraja unaweza kumpita bila kumwamsha. Aligundua njia ya pembeni penye majani, na majani, kumbe, yalikuwa yanaficha. Nilikuwa sahihi siku ile. Nilihitaji tu muda, na hakuna aliyekuwa tayari kunipa, kwa sababu tulikuwa na haraka ya picha inayofuata.

Siku moja nilimwona kupitia dirisha, Rwegasira, amesimama kwa kina Nyamizi na masikio yake. Nilisikia baadaye kwamba alimwambia Nyamizi kuwa mama yake mwenyewe amesema yaliyopita yamepita, na kwamba kucheza peke yake kumemchosha. Hakumwuliza kama alichukua. Nyamizi alikwenda akanawa miguu. Tangu hapo ilikuwa ni wao wawili, wanapeana pedi, wanaanza mwanzo kila alasiri, na kicheko cha Nyamizi kilipanda mpaka kwetu. Alikuwa ameacha kufumba mdomo. Mimi nilicheza vifaru peke yangu, na peke yako haiwezekani. Ukienda mbele bendera inakufa, ukibaki na bendera wanaongezeka.

Rwegasira sasa yuko Bukoba, anafundisha kompyuta. Sitaeleza zaidi, maana nikiendelea nitaishia kumsifu. Nyamizi yuko Usagara, ana duka la dawa za mifugo, na wafugaji wa Misungwi wanamwamini. Hatukuwa maadui. Tulisalimiana, tukazikiana wazazi, tukatumiana salamu za sikukuu. Hatukuwahi kuitaja kadi.

Niliporudi kutoka Doha nilitafuta kiwanja, na watu walinishauri Nyegezi, walinishauri Kisesa. Nilinunua pale pale mlimani, juu ya nyumba ya zamani ya baba, na kipande cha nyuma pamoja na jabali lake. Wapasua mawe walikuja na matairi ya kuchoma na nyundo zao. Walichoma, wakamwagia maji, mawe yakalia na kupasuka, tukapata msingi. Walipofika kwenye jabali lenye ufa niliwaambia waliache. Fundi mkuu alisema litaniharibia bustani. Nikamwambia mimi ndiye mwenye stashahada. Leo wageni wanalisifia, wanapiga nalo picha.

Wiki mbili baada ya mashine ya Kabula kufika, nilimwalika Nyamizi aione nyumba. Nilimtembeza kote. Nilimwonyesha jiko, tangi la maji, baridi inayotoka dari nzima bila kelele. Alisifia kila kitu kwa moyo mmoja. Tulipofika nyuma akasimama mbele ya jabali. Akachuchumaa, akaweka jicho kwenye ufa, akakaa hivyo muda mrefu.

"Bado iko humo?" akauliza.

Nilikuwa na sentensi nyingi nilizoziandaa kwa miaka mingi, nyingine nzuri sana. Nikasema, "Iko."

"Niliisikia siku ile ikianguka," akasema. "Nilikuwa nakuja kuficha kitana." Akainuka, akajipangusa magoti. "Nipe chai, nimetembea sana."

Nilipokuwa jikoni nilimsikia akimwuliza Kabula anatazama nini. Kabula akamwambia habari za yule mwenye farasi. Nyamizi akauliza kama hakuna gemu la watu wawili. Kabula akasema lipo moja, mama ameliweka, lakini baya, vifaru tu, havina hata sura.

"Hilo hilo," Nyamizi akasema. "Weka."

Niliporudi na sinia walikuwa wamekaa begani kwa bega kwenye zulia langu. Ukuta mzima, ule uliokuwa na mvua na farasi, ulikuwa mweusi, na chini kabisa katikati palikuwa na bendera na matofali yake, makubwa sasa kama matofali ya kweli. Kabula alikuwa hajui la kufanya. Nyamizi alimwelekeza kwa kidevu.

"Nenda," akamwambia. "Niko."

Kabula akaenda, hakugeuka nyuma. Adui wa kwanza akaanza kushuka upande wa kushoto. Chai ilikuwa inapoa mikononi mwangu. Nilisimama mlangoni mwa nyumba niliyoijenga mwenyewe, mtu mzima, mwenye kampuni, nikimwonea wivu mwanangu wa kumzaa, huku macho yangu yako kwenye kile kifaru kilichobaki mbele ya bendera. Adui akakaribia. Hakikusogea.